Matao ya Duara ya Wreay

Jina la kijiji huandikwa Wreay, lakini mgeni akilitamka kama lilivyoandikwa wenyeji hutabasamu kwanza, kisha humsahihisha: sema "Ria", basi. Kiko kilomita nane hivi kusini ya mji wa Carlisle, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, upande ule wa nchi ambao mvua yake haingoji masika. Kina nyumba chache, baa, mashamba, na kanisa dogo la mawe ya mchanga ambalo tangu lizinduliwe Desemba 1842 limewatoa jasho wataalamu wanaotaka kulipa jina la mtindo wake.

Kwa mbali linadanganya. Kuta zake ni nene, madirisha ni membamba na yana matao ya duara, na upande wa mashariki ukuta umejipinda nusu duara, kama kibla cha msikiti kilichotanuliwa hadi kikatosha watu kukaa ndani. Mtu anaweza kuapa kwamba lilijengwa miaka ya 1100. Akisogea karibu, kiapo kinamrudi. Kwenye ukingo wa paa anachungulia kasa mwenye mabawa. Yuko mamba pia, na nyoka. Kuzunguka mlango na madirisha, mahali ambapo fundi wa kale angechonga mitume au mashetani, kumechongwa vipepeo, mbawakawa, bundi, kunguru, masuke ya ngano na makombe ya amonaiti, yule kiumbe wa bahari aliyetoweka duniani mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kuweka jiwe juu ya jiwe. Msalaba hauonekani kwa urahisi. Kinachoonekana kila upande ni tunda la msonobari.

Aliyelibuni hakuwa msanifu majengo, wala asingeweza kuwa hata kama angetaka. Aliitwa Sara Losh, mwanamke tajiri ambaye hakuolewa, na siku kanisa lake lilipowekwa wakfu alikuwa anakaribia miaka 57. Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Uingereza ilikuwa imeanzishwa mwaka 1834, miaka minane tu kabla. Mwanamke wa kwanza kupokelewa humo, Ethel Charles, aliingia 1898, wakati Sara amekwisha lala kaburini miaka 45.

Kisa cha kanisa hili hakieleweki bila kujua Waingereza wa wakati ule walivyokuwa wakigombania tao.

Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaiteka Uingereza, na ndani ya vizazi vichache wakaijaza ngome na makanisa. Kanisa kuu la Durham, lililoanza kujengwa 1093, ndilo baba lao: nguzo zake ni nene kiasi kwamba watu kadhaa wakishikana mikono ndipo huizunguka moja, na baadhi zimechorwa mistari mikubwa ya kupindapinda kama ukili wa mkeka. Alama ya Mnormani ni tao la nusu duara. Hulirudia mlangoni, dirishani, ukutani, mara nyingine tao ndani ya tao ndani ya tao, na kila pete ameipamba kwa meno ya msumeno au kwa vichwa vya ndege wanaouma ukingo kwa midomo yao. Kijijini Iffley karibu na Oxford na Kilpeck karibu na mpaka wa Wales kazi hiyo bado inaonekana, kali kana kwamba patasi imewekwa chini jana.

Mwishoni mwa karne ya 12 tao la duara lilianza kupitwa. Likaja tao lenye ncha, ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki amelizoea kutoka magofu ya Gedi na Kilwa, ingawa huko lilifika kwa njia nyingine, njia ya Uislamu. Ulaya wakalifanya nguzo ya mtindo ulioitwa baadaye Kigothi. Tao la duara likabaki kwenye makanisa ya zamani, likisubiri.

Lilisubiri hadi karne ya 19. Baada ya vita vya Napoleon, miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa imefurika watu na makanisa hayakutosha. Mwaka 1818 bunge lilitenga paundi milioni moja za kujenga makanisa mapya, na 1824 likaongeza nusu milioni. Kwa jumla mpango huo uliinua zaidi ya makanisa 600. Swali likawa: yajengwe kwa mtindo gani? Jibu lilihitaji kwanza mtu wa kuwaambia Waingereza mitindo yao wenyewe inaitwaje. Kazi hiyo aliifanya Thomas Rickman, aliyekuwa akijipatia riziki kwa uhasibu mjini Liverpool na kutumia muda wake wa mapumziko kupima madirisha ya makanisa. Kitabu chake cha 1817 kiliugawa usanifu wa kale wa Uingereza katika vipindi, na kile cha kwanza akakiita Kinormani. Jina likashika. Na kitu kikishapata jina, kuna watakaokiagiza.

Waliokiagiza kwanza walikuwa matajiri. Huko Wales kaskazini, msanifu Thomas Hopper alianza karibu 1820 kumjengea George Hay Dawkins-Pennant ngome kubwa ya Penrhyn, ya Kinormani kutoka msingi hadi kitanda, kwa fedha za machimbo ya mawe ya kuezekea na za mashamba ya miwa ya Jamaica. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, serikali ilimlipa fidia ya takriban paundi 14,700 kwa watumwa wake 764. Watumwa hawakulipwa kitu. Matao ya Penrhyn yalikuwa yakikamilika miaka hiyohiyo.

Kisha makanisa ya parokia yakafuata, na hapa sababu zilikuwa za mfukoni zaidi. Ukuta mnene wenye matundu madogo hauhitaji fundi bingwa wa kuchonga nakshi za dirisha la Kigothi, na pambo la meno ya msumeno hata mwashi wa kijijini anaweza kulirudia mara mia. Edmund Sharpe, kijana aliyezunguka Ujerumani na Ufaransa miaka mitatu kwa ufadhili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alirudi nyumbani Lancashire na kuanza kujenga makanisa ya matao ya duara. La Bamber Bridge lilianza 1836. Mpakani mwa Wales, Thomas Penson alikwenda mbali zaidi: mapambo yake ya Kinormani aliyafinyanga kwa udongo na kuyachoma tanuruni kama matofali. Mzee wa Durham angeshtuka.

Lakini upepo ulikuwa unageuka. Mwaka 1836 Augustus Pugin, kijana wa miaka 24 mwenye hasira na kalamu kali, alichapisha kitabu cha michoro kilichowasuta wajenzi wa wakati wake, akidai kwamba Kigothi ndio usanifu wa pekee wa Kikristo na kwamba kila kingine ni upagani uliovaa joho. Miaka mitatu baadaye wanafunzi wa Cambridge, wakiongozwa na John Mason Neale na Benjamin Webb, waliunda chama cha kuchunguza makanisa. Novemba 1841 wakaanza kutoa jarida ambalo wasanifu walilisoma kwa woga kama mwanafunzi anavyosoma ripoti ya muhula. Vijana hawa, wengi wao hawajawahi kuchanganya chokaa, waliamua ni karne gani Mungu aliipenda. Ilikuwa ya 14. Tao la duara walilihesabu kuwa la ukale usiokomaa, na anayelitumia tena alipaswa kujieleza.

Katika mwaka huohuo wa 1841 Sara Losh alikuwa tayari amekwisha agiza mawe.

Alizaliwa 1785 katika nyumba ya Woodside, karibu na Wreay, kwenye ukoo wa wenye ardhi ambao kizazi cha baba yake kiligeukia viwanda. Baba yake, John, na ndugu zake waliingia kwenye kazi ya kutengeneza magadi huko Walker, kando ya mto Tyne. Magadi ya kutengenezea sabuni na vioo, kutoka kwenye chumvi, kwa ujuzi uliovuka kutoka Ufaransa. Baadaye waliongeza kiwanda cha chuma. Ami yake William alisajili hataza ya reli za chuma cha kusubu mwaka 1816 pamoja na George Stephenson, yule ambaye ulimwengu humkumbuka kwa treni. Ami mwingine, James, alikuwa wakili Newcastle, rafiki wa mshairi Wordsworth, na msemaji asiyechoka dhidi ya biashara ya watumwa. Mezani kwa watu kama hawa mtoto wa kike alisikia mengi kuliko binti wa kawaida wa kijijini.

Na alifundishwa. Alijua Kifaransa, Kiitaliano, Kilatini na Kigiriki, na alielewa hesabu. Kaka yake, Joseph, alikuwa na udhaifu wa akili na hakuweza kusimamia mali, kwa hiyo baba alipofariki 1814 urithi ukawaangukia mabinti wawili, Sara na mdogo wake Katharine. Hawakuolewa wote wawili. Katika nchi ambayo mke wa mtu alipoteza mamlaka juu ya mali yake siku ya harusi, uamuzi huo ulikuwa na hesabu yake.

Mwaka 1817 dada hao wawili walisafiri na ami William hadi Italia. Waliona Roma, Napoli na Pompeii. Sara aliandika shajara ya safari, ambayo daktari Henry Lonsdale wa Carlisle aliisoma alipoandika wasifu wake mwaka 1873. Baadaye shajara ikapotea, na yanayojulikana leo kuhusu safari ile yamepita kwenye kalamu ya daktari. Inatosha kujua kwamba aliyatazama kwa macho yake makanisa ya kale ya Italia, yale ya matofali na matao ya duara, yaliyojengwa na watu waliorithi ujuzi wa Warumi bila kurithi fahari yao. Huko Vatican, katika ua mmoja, limewekwa tunda la msonobari la shaba lenye kimo cha mita nne hivi, kazi ya Warumi wa kale. Kwa watu wa zamani tunda hilo lilikuwa ishara ya uhai unaorudi: mbegu zimefungwa ndani ya magamba makavu, zikingoja.

Miaka ilipita Woodside. Dada hao walitengeneza nyumba, wakajenga shule, na mwalimu wa shule wakamjengea nyumba kwa mfano wa nyumba ya Pompeii. Mtu anaweza kuwaza uso wa mwalimu huyo wa mkoa wa Cumberland, katikati ya baridi ya Januari, akikabidhiwa makao yaliyobuniwa kwa ajili ya jua la Napoli.

Mwaka 1835 Katharine alifariki.

Baada ya hapo ujenzi wa Sara ulibadilika. Aliwasimamishia wazazi wake nguzo kwa mfano wa msalaba wa Bewcastle, jiwe la karne ya saba au ya nane lililoko milimani kaskazini mwa mkoa huo. Kwenye uwanja wa makaburi akajenga kikanisa kidogo kwa kuiga kikanisa cha Mtakatifu Piran, kilichokuwa kimefukuliwa kutoka kwenye mchanga wa Cornwall mwaka huohuo wa 1835. Kila alichojenga kilikuwa na mfano wa kale nyuma yake, na mifano yote ilitoka kwenye nyakati zilizotangulia tao lenye ncha. Alikuwa akirudi nyuma ya Kigothi, nyuma ya ile karne iliyopendwa na vijana wa Cambridge, akitafuta Ukristo ulipokuwa bado na harufu ya dini zilizoutangulia.

Kanisa la zamani la Wreay lilikuwa linabomoka. Sara akawaletea wanakijiji shauri: atatoa kiwanja, atalipa gharama zote, ila kwa sharti moja, kwamba aachwe ajenge apendavyo bila kuingiliwa. Wazee wa kijiji walikubali, na hawakuwa na sababu ya kukataa kitu cha bure. Sharti hilo ndilo lililolizaa kanisa. Kwa mtu aliyetegemea fedha za wengine, kamati ingeuliza msalaba uko wapi, na kasisi angetaka kujua kunguru anafanya nini dirishani. Sara hakumwomba mtu senti, kwa hiyo hakumwomba mtu ruhusa. Mtindo wenyewe aliueleza kwa maneno ya tahadhari, kwamba ni wa Kisaksoni cha mwanzo au wa Kilombardi uliorekebishwa. Wengine huuita wa Kinormani, na kwa mbali hawakosei. Ila Mnormani wa kweli hakuwahi kumchonga mbawakawa wa Misri.

Fundi mkuu alikuwa William Hindson, mwashi wa hapohapo. Mwanawe, naye William, ndiye aliyechonga sehemu kubwa ya mapambo ya mawe, na simulizi za Wreay zinasema Sara alimgharimia kwenda Italia kujifunza kabla ya kuanza. Robert Donald, mtunza bustani wa Woodside, aliacha majembe akashika patasi ya mbao. Sara mwenyewe alifinyanga vielelezo kwa udongo ili mafundi waviige, na akakaa na binamu yake kuchonga birika la ubatizo kwa mikono yao, kwa alabasta. Juu ya birika hilo wamechonga mizabibu, vipepeo na kereng'ende, na kifuniko chake kina kioo ambacho juu yake yameelea mayungiyungi, ili anayeinama aone maua juu ya maji ambayo si maji.

Ndani ndiko kwenye utajiri, na mwenye haraka asiingie.

Mwanga ni hafifu. Chumba kikuu ni cha mstatili wa kawaida, dari la mbao liko wazi, na macho yanavutwa moja kwa moja hadi kwenye ile nusu duara ya mashariki. Huko safu ya nguzo fupi nene imeuzunguka ukuta, na kati ya nguzo kuna viti, kama baraza la wazee waliotoka kidogo na watarudi. Katikati yake meza ya Bwana ni bamba la marumaru ya kijani kutoka Italia, nalo limebebwa na tai wawili wa shaba. Vinara vya mishumaa ni mayungiyungi ya alabasta. Madirisha madogo ya juu hayana kioo cha kawaida bali vipande vyembamba vya mawe vilivyokatwa kwa maumbo ya majani, na jua likipiga, majani hayo yanaonekana kama kivuli kilichoganda.

Si majani ya bustani ya Woodside. Ni ya mimea ya msitu ulioota kabla ya dinosauri, ile iliyozama, ikafunikwa, na kugeuka makaa ya mawe. Newcastle, ambako fedha za akina Losh zilitengenezwa, ulikuwa mji wa makaa hayo. Wachimbaji walipopasua matabaka chini ya ardhi walikuta alama za majani kwenye mwamba, nzima hadi mishipa. Kati ya 1831 na 1837 John Lindley na William Hutton, huyu wa pili akiwa mtu wa Newcastle, walichapisha mimea hiyo kwa picha katika juzuu kadhaa. Charles Lyell alikuwa ameanza mwaka 1830 kuchapisha kazi yake iliyoonyesha kwamba dunia ni ya zamani kuliko mtu awezavyo kuhesabu kwa vizazi vya Biblia. Wakati ambapo Waingereza wengi bado waliambiwa kuwa dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo, Sara Losh alikuwa ameuweka ushahidi wa kinyume pale mwanga wa asubuhi unapomwangukia padre. Kitabu maarufu cha Darwin kilikuja miaka 17 baadaye.

Hakuna aliyepiga kelele. Labda waumini walidhani ni majani tu.

Mimbari nayo imechongwa kutoka gogo la mwaloni uliozama kinamasini kwa maelfu ya miaka hadi ukawa mweusi kama mpingo, lenye uwazi katikati ambamo mhubiri husimama. Nje limechongwa lifanane na shina la mti wa visukuku. Mbao hiyo hiyo nyeusi imebeba vitegemezi vya kusomea Maandiko, kimoja juu yake tai, kingine korongo. Tai ni wa kawaida katika makanisa ya Uingereza. Korongo si wa kawaida, na Sara hakuacha maelezo.

Vioo vya rangi vina safari yao. William, binamu yake Sara, alikusanya Ufaransa vipande vya vioo vya kale, na inasemekana baadhi vilitoka kwenye kasri la Askofu Mkuu wa Paris, lililovamiwa katika machafuko ya 1830 na 1831. Vilivyovunjika havikuungwa upya kuwa watakatifu. William Wailes wa Newcastle, aliyekuwa muuza chai kabla ya kufungua karakana ya vioo, alivipanga na vipande vipya kama viraka vya rangi, bila hadithi wala uso wa mtu. Katika miaka ya 1840 dirisha la kanisa lisilosimulia lolote lilikuwa jambo la ajabu.

Bili ya yote ilifika takriban paundi 1,200. Ili kuona udogo wa kiasi hicho, inafaa kutazama Wilton, kusini mwa nchi, ambako katika miaka hiyohiyo, 1841 hadi 1845, Sidney Herbert na mama yake walikuwa wakijenga kanisa la parokia la matao ya duara kwa mfano wa Italia, na mnara wa kengele wa mita 32, kwa usanifu wa Thomas Henry Wyatt na David Brandon. Hilo liligharimu paundi 20,000. Ni kanisa zuri la fahari, lenye mosaiki na marumaru za kale. Lakini ukitoka Wilton unakumbuka fedha, na ukitoka Wreay unakumbuka mbawakawa.

Kazi ikiendelea, habari zikaja kutoka mbali. Meja William Thain, rafiki wa familia tangu utotoni na mpiganaji wa Waterloo, alikuwa na jeshi la Waingereza lililoikalia Kabul. Januari 1842 jeshi hilo lilifukuzwa Afghanistan katikati ya theluji, wanajeshi wapatao 4,500 na wafuasi 12,000 wa kambi, na karibu wote waliangamia njiani. Thain alikuwa miongoni mwao. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alikuwa amempelekea Sara tunda la msonobari, na mbegu yake ikapandwa karibu na kanisa.

Ni rahisi kwa msomaji wa Afrika Mashariki kumweka Sara Losh karibu na mjenzi mwingine wa enzi ya Victoria asiye na cheti cha usanifu. Edward Steere, aliyekuwa padre wa kijiji cha Little Steeping huko Lincolnshire kabla ya kuwa askofu na mwanasarufi wa Kiswahili, alisimamia mwenyewe ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lililowekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Mchoro wa mwanzo ulitoka Uingereza, lakini paa la mviringo la zege la matumbawe, ambalo wengi walitabiri lingeanguka, lilikuwa ushupavu wa Steere. Hadi leo waongozaji wa wageni huko huonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini na mafundi askofu alipokuwa safarini. Wreay hakuna nguzo iliyopinduka, kwa sababu moja nyepesi: Sara aliishi hapohapo.

Mtindo alioutumia haukuzaa watoto. Mwisho wa miaka ya 1840 tao la duara lilikuwa limeshindwa karibu kila parokia; Pugin na wale vijana wa Cambridge walishinda. Kanisa la Wreay lilibaki peke yake, likisaliwa kila Jumapili na watu waliolizoea kama mtu anavyozoea mjomba mwenye vituko. Mwaka 1869 mchoraji na mshairi Dante Gabriel Rossetti alipita na kuandika barua ya mshangao, akimsifu mjenzi huyo ambaye hakuwahi kumsikia. Karibu karne moja baadaye, 1967, mwanahistoria wa usanifu Nikolaus Pevsner, ambaye sifa hazikumtoka ovyo, alilipa nafasi ya heshima katika kitabu chake cha majengo ya mkoa huo. Mwaka 2012 Jenny Uglow aliandika kitabu kizima kuhusu Sara na kukipa jina la tunda la msonobari. Magari ya wageni sasa huegeshwa kando ya baa.

Wengi wao hutoka kanisani na kuzunguka hadi makaburini, ambako kuna jengo lisilofanana na lolote: chumba cha mawe makubwa yasiyochongwa, yaliyopangwa kama yalivyookotwa, kana kwamba majitu yalikijenga kabla ya waashi kuzaliwa. Sara alikisimamisha kwa ajili ya mdogo wake, baada ya kanisa kukamilika. Ndani yake ameketi Katharine wa marumaru nyeupe, kazi ya mchongaji David Dunbar aliyefuata mchoro ambao Sara aliuchora Napoli miaka ile ya safari, dada yake akiwa bado kijana. Jiwe jeusi na zito limezunguka jiwe jeupe na laini. Sara mwenyewe hakujiwekea sanamu. Alifariki Machi 29, 1853, akazikwa kaburi moja na mdogo wake, hatua chache kutoka hapo, na yule wa marumaru ameendelea kuketi, kichwa kimeinama, akilitazama tunda la msonobari alilolishika mkononi.